Barua ya wazi kwa walimu wakuu mnaopokea watoto waliokimbia kuonewa

Walimu wangu,

 

Mimi ni mzazi, naishi Tabata, Dar es Salaam. Mwaka huu nimemtafutia mwanangu wa darasa la tano shule nyingine, kwa sababu alikokuwa akisoma alionewa na wenzake kwa muda mrefu na uongozi ukashindwa kukomesha. Shule hiyo siitaji. Niliyokuwa nayo ya kuwaambia nimewaandikia, barua wameipokea, yameishia hapo. Ninyi ndio ninaotaka kuzungumza nanyi: mlioko upande wa pili, mnaomkuta mtoto amekaa kwenye benchi nje ya ofisi akiwa na sare ya shule nyingine na mama yake ameshika bahasha. Shule mtoto anakoonewa imesemwa sana magazetini na redioni. Shule anakokimbilia haijasemwa, na kwa niliyoyaona, huko nako kuna mambo ya kuzungumza.

Swali lenu la kwanza huwa ni, "Kwa nini anahama?" Ni swali la haki. Ningekuwa kwenye kiti chenu nami ningeuliza. Shida inaanza baada ya jibu. Nikisema alikuwa anaonewa, macho ya mwalimu yanatoka kwangu yanakwenda kwa mtoto, na yanakaa hapo, yanatafuta kasoro. Kisha linafuata swali la pili ambalo kila ofisi ina namna yake ya kuliuliza. Ana tatizo lolote la afya? Nyumbani mnamdekeza? Si mchokozi huyu? Baba yake yupo? Mwalimu mmoja, kwa upole na nia njema kabisa, alimgeukia mwanangu akamwambia, "Mtoto wa kiume lazima ukaze." Mtoto akaitikia, "Ndiyo, mwalimu." Tangu hapo hadi usaili unakwisha hakutamka sentensi kamili.

Naomba mfikirie swali hilo linavyosikika kwa mtoto. Amekaa miezi akiambiwa na wenzake kwamba yeye ana kasoro. Sasa ameletwa mbele ya mtu mzima, mwenye kalamu, katika ofisi yenye picha ya Rais ukutani, na mtu huyo naye anatafuta kasoro ileile.

Watoto wanaonewa kwa lolote. Kwa kigugumizi, kwa ualbino, kwa unene, kwa wembamba, kwa lafudhi ya walikotoka, kwa viatu vilivyoshonwa, kwa kufaulu kuliko wengine, kwa kufeli. Wengine wanaonewa kwa sababu walikaa dawati la karibu na mlango. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 iliyokusanya takwimu za nchi nyingi ilionyesha kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake shuleni angalau mara moja katika mwezi uliotangulia. Theluthi ya watoto wote hawawezi kuwa watoto wenye matatizo. Katika darasa la watoto 45, ambacho ndicho kiwango cha serikali kwa shule ya msingi (nacheka kidogo ninapoandika hivyo, najua wengine mna 100 na zaidi), hao ni watoto 15. Kwa hiyo huyo aliyekaa kwenye benchi nje ya ofisi yako anafanana sana na watoto ulionao tayari. Tofauti yake ni kwamba mzazi wake aliweza kumtoa.

Sasa nije kwenye karatasi, kwa sababu hapo ndipo uongo wetu sote unapoanzia.

Mnajua utaratibu kuliko mimi. Mzazi anaandika barua ya kuomba uhamisho na kutaja sababu. Mwalimu mkuu wa shule anakotoka mtoto anaidhinisha, anakopokelewa wanakubali kuwa nafasi ipo, ofisi ya elimu inapitisha, fomu ya TSM 9 yenye maendeleo yake inamfuata, na namba yake ya PReM inahamishwa kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, NECTA. Katika safari nzima hiyo, sababu inaandikwa mara moja tu, na wazazi karibu wote ninaowafahamu waliohamisha watoto kwa kuonewa waliandika maneno yaleyale: mzazi amehama makazi. Nami nilishauriwa hivyo na mwalimu ninayemheshimu. "Mama, andika umehama makazi, usijitafutie usumbufu." Alikuwa ananisaidia kweli. Alijua kwamba mwalimu mkuu anayeachia mtoto hapendi karatasi ya kumshtaki ipite mezani kwa Afisa Elimu Kata, na anayepokea akisoma neno "kuonewa" anaanza kujiuliza anajiletea nini. Basi familia inahama makazi kwenye karatasi, huku inalala nyumba ileile na kununua mkaa kwa muuzaji yuleyule.

Mimi niliandika ukweli. Barua ilikaa mahali muda mrefu kuliko ilivyostahili, nikaombwa niirekebishe, nikakataa, hatimaye ikapita. Sisemi haya nijisifu. Nilikuwa na nafasi ya kusubiri, na mwanangu alikuwa bado yuko mbali na mtihani wa darasa la saba. Mzazi ambaye mtoto wake ameshasajiliwa kwa mtihani wa taifa hana nafasi hiyo, naye akiandika "makazi" simlaumu.

Lakini tazameni kinachotokea. Afisa elimu akifungua majalada yake anaona kwamba watu wa kata hii wanahamahama sana. Haoni kwamba kuna shule moja inayopoteza watoto kila muhula kwa sababu ileile. Na kuna jambo ambalo huenda hamjalifikiria: yule aliyekuwa akimwonea mwenzake naye huhama. Wazazi wake wakiitwa mara kadhaa wanachoka au wanaona aibu, wanamtafutia shule, na sababu wanayoandika ni mzazi amehama makazi. Mnawapokea wote wawili, walioonewa na waliowaonea, kwa sentensi moja, bila kujua yupi ni yupi. Yule wa pili pia ni mtoto. Mara nyingi ana jambo linalomsumbua nyumbani. Angekuja na karatasi inayosema kweli, mngejua pa kuanzia naye, na watoto wadogo wa shule yenu wasingekuwa wa kwanza kugundua.

Ombi langu la kwanza ni hilo. Mzazi akiingia ofisini kwenu na kusema ukweli, muupokee kama taarifa. Msiuchukulie kama doa. Hata kama karatasi imeandikwa makazi, mpeni dakika kumi za kuzungumza nanyi mtoto akiwa nje, na mpigieni simu mwalimu wa darasa wa shule aliyotoka. Mwalimu wa darasa, si mwalimu mkuu. Walimu wa darasa huambiana kweli.

Kwa kuwa ninyi mliniuliza, na mimi nilijipa ruhusa ya kuuliza. Kila shule niliyotembelea niliuliza swali moja: "Mara ya mwisho mtoto kuonewa hapa ilikuwa lini, na mlifanyaje?"

Jibu lililotolewa zaidi lilikuwa kwamba mambo hayo hapa hayapo. Wote walionijibu hivyo niliwashukuru, nikaaga, sikurudi. Shule yenye watoto mia nne ambamo hakuna anayeonewa sijapata kuiona, na walimu wenyewe wakiwa nje ya ofisi hawadai kuwa ipo. Shule ambayo watoto wameacha kusema ndiyo ipo, tena zipo nyingi.

Wengine walinijibu kwamba yao ni shule ya dini na watoto wanalelewa kwa hofu ya Mungu. Hofu ya Mungu naiheshimu, ndiyo niliyolelewa nayo. Ila mwanangu alikuwa akifungiwa chooni na watoto wanaojua sala zote kwa moyo.

Wengine wakasema, kwa kujiamini kabisa, "Mama, leta tu, sisi tunachapa." Hawa nataka kukaa nao kidogo. Siingii katika mjadala mkubwa wa fimbo, utachukua barua nzima. Nasema tu kile kinachompata mtoto aliyeonewa. Aliyemwonea akichapwa mbele ya wenzake anajua nani kamsemea. Neno "umenisemea" watoto wetu wanalijua kabla ya kujua kusoma, na adhabu yake hailipwi shuleni. Inalipwa kati ya geti na kituo cha daladala, au kiti cha nyuma kabisa cha basi la shule, ambako matroni wa basi amekaa mbele na dereva. Mwanangu alisema mara moja. Aliyemwonea akachapwa. Baada ya hapo mwanangu alipotewa na viatu, akapotewa na madaftari, na alipoulizwa akasema ameyasahau, kwa sababu alikuwa ameshajifunza kusema kunaleta nini.

Kuna kitu kimoja katika kanuni za viboko ambacho kinanivutia. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika daftari maalumu. Maana yake serikali ilishafikiri kwamba kuna jambo la shuleni ambalo ni zito kiasi cha kuandikwa: nani, lini, kwa kosa gani. Aliyechapwa ana mahali jina lake linapoandikwa. Aliyeonewa hana. Muwe na daftari la pili. Tarehe, mahali, nani alikuwepo, tulifanya nini, tuliuliza tena lini. Daftari la kurasa 200 linatosha mwaka mzima, na bei yake ni ya soda chache. Mkishaliandika kwa muhula mmoja mtaona wenyewe kwamba mambo yanatokea mahali palepale na saa ileile.

Namna nyingine ya kumaliza kesi niliyokutana nayo ni ya kupeana mikono. Watoto wawili wanaitwa mstarini, wanaambiwa wao ni ndugu, wanashikana mikono, shule nzima inapiga makofi, kesi imekwisha. Hii ni sawa na kupaka rangi ukuta unaonyonya maji: Ijumaa unapendeza, Jumatatu umebambuka. Kupatana ni kwa watu waliogombana. Mtoto aliyekuwa akinyang'anywa hela ya kula kila siku hakugombana na mtu. Ukimlazimisha ashike mkono huo mbele ya watu, unamwambia kwamba yeye na yule walikuwa na makosa nusu kwa nusu.

Shule moja tu ilinijibu tofauti. Mwalimu mkuu msaidizi alifikiri kidogo akasema, "Jumanne." Akanieleza. Kijana wa darasa la sita alikuwa anachukua hela za wadogo pale kwenye tangi la maji wakati wa mapumziko ya saa nne. Walimu hawakugundua. Aliyegundua ni mama anayeuza maandazi na mihogo kantini, aliyeona wateja wake wa darasa la pili wamepungua. Alipomwambia mwalimu wa zamu, hawakumwita mtoto mstarini. Walihamisha kituo cha mwalimu wa zamu kutoka kwenye kivuli cha mwembe hadi tangini. Wakazungumza na kila mdogo peke yake. Wakamwita mzazi wa kijana, ikajulikana kwamba kijana mwenyewe alikuwa anakuja shuleni bila kula chochote, wakapanga naye. Nikamuuliza, "Na sasa ametulia?" Akanijibu, "Kwa sasa. Tunamwangalia."

Hilo "kwa sasa" lilinishawishi kuliko majengo yote niliyoonyeshwa mwaka huu.

Maana majengo nimeonyeshwa. Maabara ya kompyuta yenye vitambaa juu ya mashine. Basi jipya la njano. Ukuta wa picha za waliofaulu. Sisi wazazi ndio tuliowazoesha hivyo, tulikuwa tunachagua shule kwa orodha ya kumi bora, na hata baada ya NECTA kuacha kutangaza shule na wanafunzi bora mwanzoni mwa 2023, bado tunapigiana simu kuulizana nani katoa A nyingi. Ufaulu ni jambo jema. Ila hauonyeshi kinachotokea taa zikizimwa. Majirani zetu Kenya walijifunza hilo kwa uchungu mwaka 2017: Alliance High School, shule iliyoanzishwa mwaka 1926 na kutoa viongozi wengi wa nchi ile, iliandikiwa taarifa na maofisa wa elimu kuhusu wanafunzi wapya wa kidato cha kwanza walivyokuwa wakiteswa usiku na wakubwa zao, viranja wakiwemo. Mkuu wa shule alistaafu kabla ya wakati. Matokeo ya mitihani yalikuwa mazuri miaka yote hiyo.

Mzazi anayehamisha mtoto aliyeonewa hahitaji kuona maabara kwanza. Anataka kuona vyoo. Anataka kujua kama milango ina komeo kwa ndani, na kama ina komeo kwa nje basi ling'olewe leo. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Penye foleni ndefu kuliko hapo pana kusukumana, na mtoto mdogo anajifunza kubana mkojo hadi arudi nyumbani. Daktari ndiye aliyeniuliza kama mwanangu anakunywa maji shuleni. Hakuwa anakunywa, kusudi asilazimike kwenda.

Anataka pia kuona mapumziko. Nyote mlinikaribisha asubuhi saa mbili, vipindi vikiwa vinaendelea na shule imetulia tuli, mkanirudisha nyumbani kabla ya saa nne. Karibisheni wazazi saa nne kamili. Tukae kwenye benchi tuone watoto wanavyocheza, nani yuko peke yake, mwalimu wa zamu yuko wapi na anajua majina mangapi. Tuone saa nane mchana pia, vipindi vimekwisha na magari hayajafika, au wanasubiri masomo ya ziada; saa hiyo isiyo na mwenyewe ndiyo iliyomwumiza mwanangu zaidi. Kuna shule ilinikatalia kwa kusema wazazi wanawavuruga watoto. Inawezekana. Basi nionyesheni nikiwa dirishani.

Nizungumze na walimu wakuu wa shule za bweni, ingawa kwa ufupi. Ndugu wengi walinishauri nimpeleke mtoto bweni, mbali, Kilimanjaro au Iringa, "akakomae." Ushauri huo naujua na nia yake naijua. Lakini mtoto anayeonewa shule ya kutwa ana saa kumi na mbili za nyumbani za kupumua. Bweni linazichukua hizo. Serikali yenyewe mwaka 2023 iliona umuhimu wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na aliye darasa la tano amepishana na katazo hilo kwa mwaka mmoja tu. Mkiletewa mtoto wa namna hii katikati ya mwaka, ulizeni kama kweli anahitaji bweni au familia imechoka. Na kama anakojoa kitandani, ambalo ni jambo la kawaida kwa mtoto aliyeishi na hofu, matroni au patroni ajue mapema, mashuka yabadilishwe bila wenzake kujaa kutazama. Mtoto aliyepewa jina la kikojozi wiki ya kwanza atahama nalo hadi kidato cha nne.

Najua baadhi yenu mnasoma huku mnatikisa kichwa. Mna walimu wachache, madawati yanapungua, mnajaza takwimu za kila ofisi, na sasa kaja mama wa Tabata na madaftari yake. Walimu wa shule za serikali hasa, zile ambazo mjini tunaziita kwa utani Kayumba, hamna usaili wala mtihani wa kuchuja. Mtoto akija mnampokea, mnambana kwenye dawati la watatu awe wa nne. Nawaheshimu kwa hilo kuliko mnavyodhani. Na mzazi asiye na ada hana shule sita za kutembelea kama mimi. Ana ile ya mtaa wa pili, ng'ambo ya barabara, ambayo watoto wake na wa shule ya kwanza wanakutana dukani jioni. Kwake kuhama ni nusu ya kuhama. Ndiyo maana siombi mumwajiri mnasihi mwenye shahada wala mjenge chumba cha ushauri. Serikali imeanzisha madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto shuleni. Mahali pengi nilipouliza dawati hilo liko wapi nilionyeshwa bango. Naomba bango hilo liwe na mtu: mwalimu mmoja ambaye watoto wanampenda (watoto wenyewe wakiulizwa watawatajia jina lake bila kusita), na saa moja kwa wiki ambayo yuko mahali panapojulikana, mlango wazi.

Na huyo mtoto mpya, wiki zake za kwanza, kuna mambo madogo. Msimsimamishe mstarini mkitangaza kwamba ametoka shule fulani. Darasa lisielezwe habari zake, hata kwa nia ya kulifanya limwonee huruma, maana huruma ya darasa zima ni mzigo. Msimpe kiranja wa kumlinda. Watoto wote wataona ana mlinzi na watataka kujua kwa nini. Mkalisheni karibu na watoto wawili watulivu wasioambiwa kitu. Mwalimu wa darasa amwulize kila Ijumaa, faraghani, swali jepesi ambalo halimtaki ashtaki: wiki hii ulicheza na nani? Mtoto asiye na jina la kutaja wiki tatu mfululizo ameshajibu.

Na watazamaji msiwasahau. Finland, tangu mwaka 2009, shule nyingi zinatumia mpango uitwao KiVa uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Turku, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kwa watoto wasiohusika: wanaocheka, wanaozunguka duara, wanaogeuza uso. Hatuhitaji mtaalamu wa kigeni kutufundisha hili. Kuzomea kunahitaji wengi. Mtu mmoja hawezi kuzomea. Mwalimu akifanikiwa kuwatoa kwenye duara watoto wanne tu wanaopendwa na wenzao, anayeonea anabaki na kazi isiyo na wa kuitazama. Klabu ya skauti, timu ya netiboli, kwaya, madrasa ya Jumamosi, kokote mliko na watoto hao wanne, anzeni nao.

Kwa upande wetu wazazi, nasi tuna wajibu na msione haya kutudai. Tusije na mtoto mkononi na kesi ya shule ya zamani mgongoni, tukitaka mlipe deni lisilo lenu. Tusiwapigie simu kila siku. Tuje tunapoitwa, hasa pale mtoto wetu anapokuwa yeye ndiye amemwonea mwenzake, jambo ambalo hutokea, kwa sababu aliyeonewa muda mrefu wakati mwingine akifika mahali papya hutafuta wa chini yake. Likitokea kwa mwanangu, nipigieni mimi wa kwanza. Sitauliza mmethibitishaje.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mwanajamii huyo ni pamoja na mwalimu anayempokea mtoto na kusikia yaliyompata alikotoka. Namba 116 ya kuripoti madhila ya watoto inapigwa bure na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Katika shule zote nilizoingia niliiona imebandikwa ukutani shule moja, tena ofisini, ambako watoto hawaingii bila kuitwa.

Muhula wa Januari unakuja, na fomu zenu za maelekezo ya kujiunga bado hazijachapishwa. Ninazo kadhaa hapa mezani. Zinaeleza rangi ya soksi, urefu wa sketi, rimu ngapi za karatasi, ufagio wa chelewa, ndoo yenye mfuniko, na akaunti ya benki ya kulipia ada kwa awamu. Hakuna hata moja inayomwambia mzazi mtoto akionewa amwone nani. Kabla hamjazipeleka kwa mchapaji, ongezeni mstari huo: jina la mwalimu, namba yake ya simu, na siku ngapi atachukua kumjibu mzazi. Kisha bandikeni 116 kwenye mlango wa choo, kwa ndani, urefu wa macho ya mtoto wa darasa la kwanza.

Wenu katika malezi,

Mama wa mtoto wa darasa la tano,
Tabata, Dar es Salaam